Familia ya Biddy Mason ilikuwa ya nani?

Januari 1856, katika mji mdogo wa Los Angeles, mwanamume aitwaye Robert Smith alitakiwa kumweleza jaji kwa nini anawashikilia watu 14 weusi. Hakujibu kwamba ni watumwa wake. Alijibu kwamba ni watu wa nyumbani kwake. Walitoka naye Mississippi kwa hiari yao, alisema, amewatunza tangu wakati huo, na hawabani zaidi ya anavyowabana watoto wake mwenyewe. Sasa anahamia Texas, na nyumba nzima inahama naye.

Miongoni mwa hao 14 alikuwemo mama mmoja wa miaka 37 aliyejulikana kwa jina moja tu, Biddy, pamoja na binti zake watatu: Ellen, Ann na Harriet. Leo tunamwita Biddy Mason. Kila Februari, Wamarekani wanapokumbuka historia ya watu weusi, picha yake huzungushwa mitandaoni na maelezo mafupi: alizaliwa mtumwa, akashinda kesi, akanunua kiwanja, akatajirika. Hayo yote ni kweli, lakini yakisimuliwa hivyo yanaruka fundo lenyewe. Katiba ya California ilikataza utumwa tangu siku jimbo lilipozaliwa, na Biddy aliishi humo zaidi ya miaka minne akiwa mtumwa. Aliwezaje? Kwa nini hakuondoka tu? Na kwa nini mlango ulifunguka mwaka ule na si mapema? Nimezisoma nyaraka za kesi hii mara nyingi, na kila nikirudi naona fundo limefungwa kwa neno lile lile alilolitumia Smith: familia.

Tuanze na sheria iliyomkuta Biddy tumboni mwa mama yake. Alizaliwa Georgia tarehe 15 Agosti 1818. Tangu 1662 koloni la Virginia lilikuwa limeweka kanuni ambayo ilienea kote Kusini mwa Marekani: hali ya mtoto hufuata hali ya mama. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata baba awe nani. Kanuni hiyo moja ilifanya tumbo la mwanamke mtumwa kuwa sehemu ya mali ya bwana, na ilimwondolea baba wa mtoto jukumu lolote mbele ya sheria. Kwa hiyo Biddy alipojifungua Ellen mwaka 1838, kisha Ann na Harriet katika miaka ya 1840, sheria ya Mississippi haikuona familia ya mama na mabinti zake. Iliona mali ya Robert Smith ikiongezeka. Ndoa ya watumwa haikutambuliwa, jina la ukoo halikuwepo, na bwana angeweza kumuuza mmojawapo siku yoyote bila kuvunja sheria.

Weka hilo moyoni, maana ndilo linalojibu swali la kwa nini hakuondoka.

Smith na mkewe Rebecca walijiunga na Wamormoni, dini changa iliyofukuzwa kwa jeuri kutoka Missouri na Illinois na ambayo wafuasi wake, kuanzia 1847, walikuwa wakihamia bonde la Ziwa la Chumvi katikati ya milima ya Magharibi. Mwaka 1848 nyumba ya Smith ilifunga safari na msafara wa waumini wenzao wa Mississippi. Ni safari ya zaidi ya kilomita 2,500. Magari ya kukokotwa na maksai yalibeba unga, nyama ya chumvi, majembe, magodoro na wagonjwa. Biddy alikwenda kwa miguu nyuma ya magari, akiswaga mifugo.

Ukitaka kuielewa safari hiyo usitazame ramani, tazama kazi. Anayeswaga mifugo hutembea ndani ya vumbi la msafara mzima, kwa sababu mifugo hukaa nyuma. Ng'ombe akikengeuka, wewe ndiye wa kumkimbilia, kwa hiyo hatua zako ni nyingi kuliko za gari. Harriet alikuwa bado ananyonya, Ann alikuwa na miaka kama minne, Ellen kumi. Jioni msafara ukisimama, kazi ya mchana inakwisha na ya usiku inaanza: kuni, maji, chakula, watoto wa bibi na watoto wako. Na Biddy alikuwa mkunga. Alijifunza ukunga na dawa za mitishamba kwa wanawake watumwa waliomtangulia, na wake wa walowezi walijifungua njiani kwa sababu mimba haingoji msafara ufike. Mikono yake iliwapokea watoto ambao, kisheria, walizaliwa na kila kitu ambacho mabinti zake hawakuwa nacho.

Walikaa Utah miaka mitatu. Mwaka 1851 Smith akajiunga na kundi la Wamormoni waliokwenda kuanzisha makazi San Bernardino, kusini mwa California, kwenye ranchi kubwa waliyoinunua kwa ukoo wa Lugo. Na hapo ndipo sheria inapoanza kupindana.

Nchi ile ilikuwa ya Mexico hadi 1848, na Mexico ilikuwa imefuta utumwa tangu 1829. Marekani ilipoichukua baada ya vita, wajumbe wa California waliandika katiba mwaka 1849 wakakataza utumwa, na tarehe 9 Septemba 1850 California ikaingia katika Muungano kama jimbo huru. Mtu angedhani basi yamekwisha: ukivuka mpaka, umekuwa huru. Lakini katiba ilisema utumwa hauruhusiwi bila kusema nani atamwambia mtumwa, nani atamtoa mikononi mwa bwana, na bwana atapewa adhabu gani. Hakukuwa na ofisa wa kupita nyumba kwa nyumba. Uhuru ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi, na Biddy hakujua kusoma.

Kibaya zaidi, wabunge wa jimbo hilo hilo walitunga sheria za kuitoboa katiba yao. Mwaka 1852 walipitisha sheria ya watumwa watoro, iliyosema kwamba mtumwa aliyeletwa California kabla haijawa jimbo anaweza kukamatwa na kurudishwa Kusini. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya jimbo iliitumia dhidi ya wanaume watatu weusi katika kesi ya Perkins, watu waliokuwa wakijitafutia riziki machimboni kama watu huru, ikaamuru wakabidhiwe kwa mwenye kuwadai wa Mississippi. Kwa maneno ya sheria yenyewe, Biddy hakuguswa, kwa kuwa aliletwa baada ya California kuwa jimbo. Lakini mtu asiyejua kusoma, anayeishi kwenye makazi ya dini ya bwana wake, angeipataje tofauti hiyo? Kinachomfikia ni habari kwamba weusi wamerudishwa Mississippi.

Tena kulikuwa na kifungo cha tatu. Sheria za California za 1850 na 1851 zilimkataza mtu mweusi kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mzungu. Mtu anaweza kukuiba wewe mwenyewe, na ukifika mbele ya jaji ukataka kusema "nimeibwa," mdomo wako umefungwa na sheria.

Kisha ongeza watoto. Mwanamke mmoja, peke yake, usiku, angeweza kujaribu. Mama mwenye mabinti watatu, mmoja bado mdogo, hakimbii. Smith hakuhitaji minyororo. Mabinti wa Biddy walitosha. Ndiyo maana siwezi kumsikiliza mtu anayeuliza "mbona hakuondoka?" kana kwamba mlango ulikuwa wazi na Biddy ndiye aliyechelewa.

Mwishoni mwa 1855 Smith aliamua kuhamia Texas. Upepo ulikuwa umeanza kumgeukia California: sheria ya watumwa watoro iliyokuwa ikiongezwa muda mwaka hadi mwaka ilikufa mwaka huo bila kuhuishwa, na Texas lilikuwa jimbo la utumwa. Alipiga kambi kwenye korongo moja la milima ya Santa Monica kabla ya kuondoka, akiwa na Biddy na mabinti zake, na mwanamke mtumwa mwingine, Hannah, na watoto wake. Hannah alikuwa ametoka kujifungua.

Sasa ndiyo inaingia familia nyingine, na hii haikutoka kwa Smith.

Los Angeles aliishi mtu mweusi huru, Robert Owens, aliyewahi kuwa mtumwa akajinunua. Alikuwa na zizi la farasi na biashara ya wanyama, na vijana wa kazi waliojua kupanda farasi. Mwanawe, Charles Owens, alikuwa akimpenda Ellen, binti mkubwa wa Biddy. Kijana mwingine mweusi, Manuel Pepper, alikuwa na uhusiano wa namna hiyo na binti wa Hannah, aliyeitwa pia Ann. Vijana hawa waliona wachumba wao wanapakiwa kwenda Texas, na walijua maana yake. Habari zikamfikia mzee Owens, zikafika kwa wakuu wa polisi wa kaunti, na Jaji Benjamin Hayes akatoa amri ambayo wanasheria huiita kwa Kilatini habeas corpus: anayemshikilia mtu amlete mbele ya mahakama na aeleze anamshikilia kwa haki gani. Kina Biddy na Hannah wakachukuliwa kambini na kuwekwa chini ya ulinzi.

Uzuri wa amri hiyo ni kwamba inahamisha mzigo. Mshikiliwa hahitaji kuanza kuthibitisha jambo. Anayemshikilia ndiye anayetakiwa kujieleza. Kwa watu waliozibwa midomo na sheria ya ushahidi, hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee yenye mwanga. Na Smith, akijua kwamba neno "mtumwa" lingemwangusha pale pale kwa katiba ya jimbo, akashika neno "familia".

Hayes aliliona hilo, na alilichambua kwa subira ambayo bado inanigusa. Sheria haikumruhusu kumpandisha Biddy kizimbani, kwa hiyo alimuuliza faraghani. Majibu yake yalichapishwa gazetini wiki chache baadaye, nami nayafasiri hapa: siku zote nimefanya nilichoambiwa nifanye, safari hii ya Texas nimeiogopa tangu niliposikia habari zake, Bwana Smith aliniambia kwamba Texas nitakuwa huru kama hapa.

Isome tena polepole. Sentensi ya kwanza inabomoa hoja ya hiari: mtu ambaye siku zote hufanya anachoambiwa hajawahi kuulizwa kama anataka. Ya pili inasema hofu ambayo asingeweza kuitamka mbele ya Smith. Na ya tatu inamweka Smith peupe, maana tangu 1840 sheria ya Texas ilikataza mtu mweusi huru kuhamia huko. Hakukuwa na njia ya kumwingiza Biddy Texas akiwa huru. Angevuka mpaka akiwa mtumwa, au asivuke kabisa.

Kuhusu Hannah, ambaye alisita alipoulizwa kama anataka kwenda, jaji alikataa kuuchukua ukimya kuwa ridhaa. Aliona kwamba ukimya wa watu hawa nao unasema, na kwamba mahakama ina wajibu wa kuusikiliza. Ni jambo adimu kwa jaji wa wakati ule, tena mzaliwa wa Maryland, jimbo la watumwa.

Jumatatu ya tarehe 21 Januari Smith hakutokea mahakamani. Hayes akaamua kwamba wote 14 ni huru, na majina yao yakaandikwa moja moja: Hannah na watoto wake, mjukuu wake, kichanga chake cha kiume cha wiki mbili, Biddy, Ellen, Ann, Harriet. Wakubwa aliwashauri watulie mahali na kujifanyia kazi zao kwa amani na bila hofu. Smith akaenda zake Texas bila hao aliowaita watu wa nyumbani kwake.

Nisiikuze hukumu hii kupita kiasi. Hayes alikuwa jaji wa wilaya, uamuzi wake haukuzifunga mahakama nyingine. Machi 1857, miezi 14 baadaye, Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, ilisema kwamba mtu mweusi mwenye asili ya utumwa hawezi kuwa raia wa nchi ile, na kwamba kuishi mahali pasipo na utumwa hakukumfanya Scott kuwa huru. Mwaka 1858 Mahakama Kuu ya California ilimrudisha kijana Archy Lee kwa aliyemdai, ingawa baadaye alipata uhuru wake kwa njia nyingine. Biddy alipita kwenye upenyo mwembamba wa wakati: sheria ya 1852 imekufa, Dred Scott bado. Na asingeuona upenyo huo kama Charles Owens asingempenda Ellen.

Alipotoka pale alikuwa na miaka 37, hana senti, hana nyumba, na hana jina la ukoo. Akachukua jina Mason. Familia ya Owens iliwapokea, na Charles na Ellen wakaoana. Hii ndiyo ndoa iliyounganisha walioachwa huru na waliojinunua, na uti wa mgongo wa jumuiya ya weusi wa Los Angeles ulitokana na nyumba hiyo. Ann, binti wa kati, alifariki mwaka 1857. Mama huyu alifaidi mwaka mmoja na kidogo tu wa kuwa huru akiwa na mabinti zake wote watatu.

Kazi aliipata kwa Daktari John Griffin, aliyefika California mwaka 1846 kama tabibu wa jeshi. Biddy alikuwa muuguzi na mkunga wake kwa dola 2.50 kwa siku. Alizalisha mamia ya watoto, wa matajiri na wa mafukara, wa Kimarekani, wa Kimexico na wa weusi wenzake. Ndui ilipoushambulia mji mwanzoni mwa miaka ya 1860 aliwauguza wagonjwa ambao ndugu zao waliogopa kuwakaribia. Kihispania alikiongea kwa ufasaha, na katika mji ule hicho kilikuwa kitu kikubwa kuliko kujua kusoma Kiingereza.

Tarehe 28 Novemba 1866 alilipa dola 250 akanunua kiwanja barabara ya Spring, kati ya mtaa wa Tatu na wa Nne. Hebu tupige hesabu. Dola 250 ni mshahara wa siku 100. Ilimchukua miaka kumi. Hapo katikati ndipo palipo na kodi ya nyumba, chakula, mazishi ya mtoto, wajukuu, na wagonjwa wasio na cha kulipa. Nikisikia watu wakisema Biddy "alikuwa na jicho la biashara" nakubali, lakini naona pia siku 100 zilizookotwa senti kwa senti kwenye siku zaidi ya 3,600.

Kiwanja kilikuwa pembezoni mwa mji, penye mashamba ya mizabibu na vichaka. Mwaka 1850 Los Angeles ilikuwa na watu 1,610. Mwaka 1880 ilikuwa na 11,183. Mwaka 1890, baada ya reli kufika na watu kumiminika, 50,395. Mji ulimfuata Biddy alipokuwa amekaa. Mwaka 1884 aliuza sehemu ya kiwanja kwa dola 1,500, na kwenye sehemu iliyobaki akajenga jengo la maduka chini na makazi juu.

Mwaka 1872 waumini weusi walikutana nyumbani kwake wakaanzisha kanisa la kwanza la African Methodist Episcopal mjini humo, na yeye alibeba gharama za mwanzo. Alikuwa akienda gerezani kuwapelekea wafungwa chakula. Mafuriko ya 1884 yalipowaacha watu bila makazi, aliagiza dukani waliopoteza nyumba wapewe chakula, yeye atalipa. Wenye shida walipanga foleni mlangoni pake, namba 331, hadi siku alipozidiwa na maradhi na mjukuu wake akalazimika kuwarudisha watu kila asubuhi.

Alifariki tarehe 15 Januari 1891, akazikwa makaburi ya Evergreen bila hata jiwe la jina. Jiwe liliwekwa Machi 1988, miaka 97 baadaye, mbele ya meya wa jiji, Tom Bradley, mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo, na waumini wa kanisa lile lile. Pale palipokuwa nyumba yake sasa kuna ukuta wa kumbukumbu unaosimulia maisha yake muongo kwa muongo.

Lakini kumbukumbu ninayoipenda zaidi ni karatasi. Mwaka 1885 Biddy aliwagawia wajukuu zake, wana wa Ellen na Charles, sehemu ya ardhi yake. Hati ya kuhamisha ardhi lazima itaje kilichotolewa kama malipo, hata kama ardhi ni zawadi, na wanasheria wana maneno yao ya kawaida kwa ajili hiyo. Katika hati ya Biddy bei imeandikwa hivi: mapenzi na huba, na dola kumi. Miaka 29 kabla, neno familia liliandikwa kwenye karatasi ya mahakama na mtu aliyetaka kumpeleka utumwani. Hapa ameliandikisha mwenyewe, kwa ardhi yake mwenyewe, kwa wajukuu ambao hakuna aliyeweza kuwadai. Chini ya hati, mahali pa sahihi, ameweka alama ya X.